Mistari Miwili

Meneja kaniomba kitu cha ukurasa mmoja:
watoto wa umri wa shule,
Montserrat na Anguilla,
tangu mwaka ule wa majivu hadi mwaka jana.
"Mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, Ismay.
Wakubwa waielewe kabla chai haijapoa."

Nimechora.
Mwekundu unaanzia juu, unatembea kidogo,
kisha unaporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba.
Wa buluu unapanda taratibu,
mwendo wa mtu aliyejitwika maji asiyetaka yamwagike.
Mahali fulani inapishana
pasipo kusalimiana.

Hapo nilikuwa na miaka tisa.

Mwalimu Tuitt alipangusa jivu mezani kwa kiganja,
akafungua daftari la mahudhurio.
Dudley Meade.
Kimya.
Verlyn Cabey.
Kimya.
Rosetta Cabey hakumwita,
maana ndugu huondoka pamoja.
Ismay Farrell.
Nipo, nikasema, na sauti ikanirudia
kutoka kwenye madawati matupu.
Tulikuwa saba. Mwezi uliofuata, wanne.
Naye kila siku aliandika tarehe ubaoni
kwa mwandiko mkubwa, kwa ajili ya wale wa nyuma.

Anguilla ni tambarare.
Wiki ya kwanza nililala nimeelekea dirishani
nikitafuta mlima wa kuogopa,
nikaukosa,
na kule kuukosa kukanitisha zaidi.
Bi Gumbs alinikalisha na mwanawe dawati moja,
akaongeza jina langu chini kabisa ya orodha
kwa penseli,
kwa kuwa hakuna aliyejua nitakaa muda gani.

Kutoa ni moyo, husema watu.
Kwenye hesabu zangu kutoa ni kutoa tu:
moja imepungua huku, moja imezidi kule,
na moja hiyo ina kovu gotini
na mpaka leo hufunga madirisha yote kabla ya kulala.

Ila jumla hazilingani.
Nimezirudia mara tatu.
Waliotoka kule ni wengi, walioingia huku wachache.
Verlyn anaendesha basi Birmingham.
Dudley, nilisikia Antigua, nilisikia Boston,
nilisikia ameoa.
Rosetta sijui.
Wote walikuwa na umri wa shule,
wote walikwenda shule, mahali,
wakatukanwa kwa lafudhi yao, wakajifunza kugawanya.
Mstari wa tatu ungewatosha
lakini meneja hakuuomba.

Pembeni kabisa mwa karatasi
mwekundu umenyanyuka, unene wa ukucha.
Nikadhani wino umevuja.
Nikapiga simu.
Mwalimu aliyepokea alikuwa na mafua na hana haraka:
ndiyo, watatu zaidi muhula huu;
mapacha, wazazi wao wametoka Guyana,
na mmoja mjukuu wa Tuitt,
huyo hanyamazi hata akifungwa mdomo kwa gundi.
Nikamwomba awaite.
Nani, sasa hivi?
Sasa hivi.
Akacheka, akaweka simu mezani,
nikasikia feni, kiti kikiburutwa,
halafu kwa mbali, mmoja mmoja,
nipo,
nipo,
na yule wa tatu, kabla hajaitwa.

Karatasi niliipeleka saa nne.
Chai yao ilikuwa imeshapoa.