Nusu Milimita

Mara ya kwanza aliyaleta meno yake
ndani ya kitambaa cha mkono.
"Yananibana. Huku juu, kushoto."
Nikayapiga msasa, nusu milimita.
Vumbi la waridi likatua kwenye aproni yangu.
Akayavaa, akalipa,
akaingia katika theluji ya Galați akitafuna mbegu za alizeti.

Bibi Smaranda: miaka thelathini na mmoja
juu ya kreni ya kiwanda cha meli,
akipima kwa jicho uzito wa bamba la chuma.
Mtu kama huyo akikwambia kitu kimezidi,
kimezidi.

Wiki tatu, akarudi.
Nusu milimita nyingine.
Nililaumu plastiki. Nililaumu baridi.

Mara ya tatu hakusema neno.
Aliketi chini ya taa, akaachama,
nami, fundi wa meno yasiyo na mizizi,
nisiye na ruhusa ya kugusa nyama hai,
nikachungulia.

Pale palipokuwa na jego
kitu cha zambarau, laini, kisichouma,
kimekaa kama mpangaji aliyehamia usiku
na tayari ametundika mapazia.

Kinywa ni jumba la maneno, walisema wahenga;
hawakusema nani mwingine hulala humo.

Nikaweka msasa chini.
"Bibi, meno hayana kosa. Ni wewe unayeota."
Akacheka: "Umri huu? Basi ningeota kitu kizuri."

Kipande chembamba kuliko ganda la alizeti
kikapanda treni kwenda Bukarest ndani ya kichupa.
Siku ya kumi na saba, jibu:
si ufizi, si mfupa.
Damu.
Seli zake zimeacha njia
zikapanda hadi kinywani kupiga hodi.
Saratani ya nadra. Daktari aliliandika jina lake,
lilikuwa refu mno kukaa sikioni.

Alinipigia simu.
"Damu, eti. Nami nilidhani hujui kazi."

Leo ni Aprili. Theluji imebaki vivulini tu.
Ameingia, kofia imeshuka hadi nyusi ambazo hazipo,
kitambaa kilekile mkononi.
"Yanapwaya," anasema.

Nachungulia. Mpangaji amefungasha,
pazia moja tu limesahauliwa.

Nachanganya plastiki ya waridi,
namrudishia nusu milimita, na nusu nyingine.
Kwa muda gani, sijui. Yeye haulizi.
Anatumbukiza mkono kwenye mfuko wa koti,
anamwaga mbegu mezani kwangu:

"Fanya haraka."