Risiti ya Samadi

Lori la kampuni huja Jumanne, theluji haijakanyagwa,
na dereva wake hashuki bila glavu.
Hupima, huandika, hunikatia risiti:
samadi mbichi, tani mbili na robo,
ng'ombe sitini na mmoja, zizi la Takebe Iwao, Hokkaido.
Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga.
Haya mapya yananuka, na yananunuliwa.

Wanayavundika, wanakamua gesi,
wanaichuja, wanaipoza kwa baridi
inayoifanya Februari yetu ionekane kiangazi,
hadi gesi inakuwa maji,
na maji hayo ndiyo ya kuibeba roketi.
Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika nguzo.
Namba 417 aligeuka kunitazama, anacheua,
kama aliyejua siku zote.

Binti yangu Chizuru aliondoka na miaka kumi na minane.
Sitaki kunuka zizi, alisema, akapanda basi.
Amerudi baada ya miaka tisa, kofia ngumu kichwani,
fundi wa vali.
Anafungua na kufunga kile ninachouza.
Baba, kwenye mkataba wewe ni msambazaji,
ananiambia, huku akitoa viatu mlangoni.

Juu ya ncha walipakia mizigo ya watu:
setilaiti ya bima ya mpunga,
nyingine ya kuhesabu meli,
na moja ya wanafunzi, ndogo kama boksi la maziwa,
waliyoichangia kwa kuosha magari.
Wenye hisa walipiga simu kutoka Tokyo
kuuliza habari za mawingu.

Asubuhi ile mji mzima ulipanda kilimani.
Mwoka mikate aliuza roketi za unga zenye krimu tumboni.
Mimi nilibaki kukama. Maziwa hayangoji,
nilisema.
Niliogopa, ndiyo maana.

Kwanza ng'ombe waliacha kucheua. Wote.
Kisha sauti ikaja kwa chini, kupitia sakafu,
maziwa ndooni yakachora duara ndani ya duara.
Nikatoka mbio.
Ilikuwa juu ya miti tayari, mkia wa buluu,
buluu safi, isiyo na moshi,
na nikasema kwa sauti, peke yangu, uani:
hiyo ni yetu.

Nikahesabu kama ninavyohesabu pumzi za ndama mchanga.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Kwenye kumi na tisa iliinama kidogo,
kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.
Kompyuta yake yenyewe ikaamua.
Moto ukatawanyika juu ya bahari,
na kishindo, kimechelewa, kikafika kwa miguu.

Jioni mwenye kampuni alisimama kwenye runinga,
kijana mwenye suti inayompwaya mabegani,
akainama akakaa vile muda mrefu.
Tumepata takwimu, alisema.
Chizuru hakuangalia. Alivaa buti zangu,
akachukua beleshi, akasafisha zizi zima bila neno.

Ni vali?
Sijui. Huenda.

Nikamwambia ule mwaka aliozaliwa,
ndama watatu waliokufa wakitanguliza miguu ya nyuma
kabla mkono wangu haujajifunza kuwageuza tumboni.
Baba, roketi si ndama.
Najua. Ndama hana wenye hisa.
Akacheka, kidogo, puani,
kisha akalia akiwa ameegemea ubavu wa 417,
na 417 akamwachia.

Jumanne lori halikuja.
Jumatano pia. Samadi ikapanda hadi dirishani.
Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, nikasikia breki.
Dereva aliingia na mizani, macho mekundu.
Wanataka tani tatu, akasema.
Nikampa beleshi la pili.
Mtaka cha mvunguni huinama.
Cha mbinguni pia, bwana. Anzia pale kona.