Umekipata?

Nilianzia Kiboriloni, umande haujakauka,
viatu vimemwagwa juu ya turubai kama dagaa.
"Mama, hiki kimekuja peke yake," kijana akasema,
"lakini mwenzake yupo, subiri belo la Alhamisi."

Nikashuka mjini, duka lenye kioo jirani na mnara wa saa.
Rangi ya damu ya mzee, kisigino kama kalamu.
"Jaribu, dada. Ngozi hutanuka."
Ngozi ipi? Ya kiatu au yangu?

Mguu wangu ni wa baba:
mpana mbele, kidole gumba kinamchungulia jirani,
mguu wa kushuka na debe la kahawa
kwenye utelezi wa Kibosho.
Mwenye duka aliutazama kama mtu anayetazama deni,
kisha akaniletea "vya kupumzikia":
vyeusi, vya duara, vimetulia kama maharage yaliyolowekwa,
viatu vya matroni wa bweni,
viatu vinavyosema, huyu ameshakata tamaa, mpisheni.

Nina miaka arobaini na sita. Sijakata.
Nataka kitu kidogo tu,
kiatu kinachojua kwamba mimi ni mzuri
na kinachojua pia kwamba nimesimama tangu saa moja
nikiwapima watu presha pale Mawenzi.

Mama alicheka nilipomsimulia.
Vya kwake alivibeba kikapuni, chini ya kitenge,
kutoka mgombani hadi lango la kanisa;
akanawa miguu mferejini, akavivaa, akaingia.
Hatua thelathini hadi kwenye benchi.
"Havikuwa viatu vya kutembea, mwanangu.
Vilikuwa vya kufika."

Basi nikanunua vya damu ya mzee.
Fundi Mleli akavitia kalibu siku mbili,
akasema, "Vimekubali."
Vilidanganya vyenyewe, au yeye.

Jumamosi, sendofu ya Nankondo.
Nikafika. Hata wakwe wakanisifia.
Shangazi tukaitwa na zawadi, muziki ukaongezwa,
nikacheza na sufuria kichwani, meno yote nje,
huku kidole cha mwisho kikisali rozari.

Kisha, mezani, kijiko kikaniponyoka.
Nikainama, nikafunua kitambaa cha meza.

Humo chini kulikuwa na mkutano mwingine.
Vya dhahabu vimelala ubavu, vya fedha vimeegemeana,
vyote vitupu,
na miguu ya wanawake wa meza yetu iko wazi,
vidole vinajinyoosha kama watoto baada ya misa.
Sugu ya mwalimu Elisifa. Plasta ya shangazi Mkunde.
Na ule wa mke wa meneja, juu ya mwenzake, unajikuna.

Nilikaa humo muda mrefu kuliko kijiko kinavyostahili.

Nilipoinuka, juu ya meza hakuna aliyejua lolote:
shingo wima, midomo imepakwa, soda mkononi.
Elisifa akanitazama.
"Umekipata?"
"Nimekipata," nikasema,
nikavua cha kulia, taratibu,
kisha cha kushoto.