Mfuko wa Chini ya Kiti

Kitendawili!
Tega.
Nina mwana mwenye mama mia, na hakuna aliyemzaa.
Mmeshindwa? Nipeni mji.
Mmenipa Malindi. Naupokea,
lakini siutaki wote, nataka chumba kimoja tu, Barani,
nyuma ya mashine ya kusaga mahindi:
cherehani kumi na moja, feni moja,
vumbi la unga juu ya kila kitu isipokuwa kitambaa,
maana kitambaa hakitaki hata jasho la kidole.

Jibu ni ndege.
Mabawa yanafumwa nchi yenye theluji,
mkia unaokwa tanurini kama mkate, nchi nyingine,
vioo kwingine, nyaya kwingine, choo kwingine kabisa,
na sisi, kupitia wakala wa Mombasa
aliyepewa na wakala wa Dubai
aliyepewa na mtu tuliyemjua kwa saini tu,
sisi tunashona mfuko wa chini ya kiti,
linamolala jaketi la kujiokolea.

Mishono minane kwa inchi. Si saba. Si tisa.
Mwenye kuhesabu ni mimi. Nilihesabu mchana
hata usiku nikajikuta nahesabu mbavu za mume wangu.
Kila mfuko na namba yake, kila namba na karatasi yake,
kila karatasi na nakala tatu.
Tukacheka: ndege hii haitaruka, itaelemewa na mafaili.

Kazi nyingine watu huiombea itumike.
Hii tuliiombea isiguswe.
Mfuko mwema ni ule uliozeeka umefungwa.

Mwezi wa nne pembe zikaanza kuchanika.
Wakatuandikia: punguzeni kasi. Tukapunguza. Zikachanika.
Tumieni uzi mzito. Tukautumia. Zikachanika.
Ndipo Nyevu wa Karisa akakumbuka ukili,
jinsi bibi yake kule Ganda alivyogeuza pembe ya mkeka
bila kuikata: kunja, rudisha, pitisha chini, kaza.
Akakunja.
Akatia mawe ndani, kilo ishirini, akautundika mfuko dirishani.
Tukaenda kula. Tukarudi.
Mawe yako palepale.

Tukapiga picha, tukatuma.
Picha ikapanda ngazi, Mombasa, Dubai, kule kwenye saini,
miezi saba.
Ukateremka mchoro mpya, mistari myembamba ya samawati,
na pembeni umeandikwa: Toleo C.
Nyevu akauzungusha huku na huku
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.
"C ni nani?" akauliza.

Walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Kweli.
Lakini vikishamvunja vyote,
nani atajua damu iko ukucha upi?

Mwaka uliofuata kazi ikahama.
Kuna mahali, hatukuambiwa wapi,
mtu anashona mfuko uleule kwa senti pungufu.
Amepelekewa mchoro. Amepelekewa
kunja, rudisha, pitisha chini, kaza,
bila Ganda, bila bibi.
Simchukii. Nadhani naye ana feni moja.

Mifuko mia tatu na sita iliyokataliwa ilibaki kwetu.
Usiulize imekwenda wapi, wewe tembea tu mjini:
Kahindi wa bodaboda anatilia spana,
Mama Kasichana anawekea chenji za mbaazi na mahamri,
mwalimu wa chekechea ana wa chaki, ana na wa viboko.
Kuna wa mtu mmoja nisiyemtaja, anafichia miraa.

Juzi, barabara ya uwanja wa ndege, nilimwona mtoto
kaubeba mgongoni kwa kamba za katani.
Namba 0417. Mishono saba kwa inchi,
niliiona hata kabla hajanifikia.
Ndani, maembe mabichi na chumvi ndani ya gazeti,
jiwe, kitabu cha hesabu, kiatu kimoja.
Nikamsimamisha. Akadhani nataka embe, akanipa.
Nikalila huku nikiivuta ile pembe,
nikaivuta kwa nguvu, hata mtoto akayumba.

Nyevu, imeshika.