Anwani Inayoishia na Arobaini na Moja

Kanuni ya kwanza niliiandika kwa kidole kimoja,
miwani imeshuka puani, chai imepoa:
*kataa yote.*
Kisha nikakaa kimya nikiusikiliza ukuta.
Wanauita ukuta wa moto,
lakini hapa Võru moto uko kwenye jiko la matofali tu,
na nje theluji imefika dirisha la banda.

Rasmus, mjukuu wangu, yuko Tallinn, ananielekeza kwa simu,
anatafuna kitu.
Bibi, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini.
Ya kwanza kulingana ndiyo hukumu.
Ukitanguliza *kataa yote*,
hata mimi nitapiga hodi mpaka nigande.
Ishushe. Hiyo hukaa chini kabisa.

Nikaishusha.
Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye swichibodi ya posta,
vipokezi masikioni, waya mkononi.
Nilijua nani humpigia nani usiku wa manane,
na nilijua kusema laini inatumika
hata ilipokuwa wazi kama uwanja.
Usinifundishe kuruhusu na kukataa, mtoto.
Nionyeshe vitufe vilipo.

Simu yangu: ruhusu.
Printa: iseme na kompyuta tu, isivuke kizingiti, ina umbea.
Televisheni, saa tisa za usiku, inazungumza na nani?
Kataa.
Na kamera ya kuku, ile ya bei ya kutupa,
inayotaka kila dakika kupeleka habari za kuku wangu
nchi nisiyoweza hata kuitamka:
kataa, kataa tena.
Milango elfu sitini na tano na ushee
katika nyumba ya vyumba vitatu!
Marehemu Endel alishindwa kufunga mmoja,
wa banda, unaovimba theluji ikiyeyuka.

Nikafungua daftari la matukio.
Hodi juu ya hodi, namba tupu, hazina sura.
Mtu aliyelelewa hubisha, husubiri, hujiendea zake.
Hawa hujaribu kitasa, kisha dirisha, kisha bomba la moshi.
Sikuogopa. Niliwahi kusikia pumzi za watu wabaya zaidi
kwenye waya.

Ila hodi moja ilitoka ndani.
Anwani inayoishia na arobaini na moja.
Kila dakika kumi inaomba kutoka,
inazuiwa, inaomba.
Sina kifaa cha arobaini na moja.
Nikachomoa televisheni. Ikaomba.
Nikachomoa kamera, kuku wakanung'unika. Ikaomba.

Nikavaa buti na koti la Endel, nikachukua tochi.
Nyuma ya banda, juu ya mlingoti wa mvinje:
kisanduku cheupe, kikombe cha kupimia mvua
kimejaa barafu hadi mdomoni,
na kipande cha sola, upana wa karata.
Alikipandisha mwenyewe, ngazi ikiyumba, mimi nikipiga kelele.
Nilidhani kilizima pamoja naye.

*Hasi kumi na nne. Upepo wa kaskazini.*
Hayo tu ndiyo yaliyokuwa yakibisha.
Yanaenda wapi? Rasmus akaacha kutafuna.
Kuna mahali, Bibi, wapenda hali ya hewa hukusanya zao.
Ukizuia, hakuna atakayegundua.

Nimejua, nikamwambia.

Buti zikatiririsha maji sakafuni, nikaandika:
arobaini na moja, ndani kwenda nje, ruhusu.
Nikaipandisha.
Juu ya printa, juu ya simu yangu,
Rasmus akasema haina haja ya kufika juu hivyo,
nikaipandisha juu ya yote.
Kuna kisanduku cha maelezo, si lazima kukijaza.
Nikakijaza.

Saa sita na dakika ishirini ikapita.
Hasi kumi na tano.
Nikazima taa, nikalala kama gogo,
na asubuhi nikakuta mlango wa banda wazi,
theluji imeingia hadi kwenye baiskeli.