Kizibo cha Kushoto

Barka, saa nne asubuhi, na bati la karakana
limeshaanza kulia tik, tik, kwa joto.
Boti ya Thuwaini iko juu ya trela,
makalio yametuelekea,
na chini ya ubao wa kuogelea vizibo viwili,
kila kimoja na mpini wake.

Cha kulia kilitoka kwa robo mzunguko.
Cha kushoto kilinitazama tu.

Kwanza nilichomoa ufunguo nikautia mfukoni,
maana rafadha ya ndani haina adabu,
haiulizi kidole ni cha nani.
Biju akapuliza mafuta ya kutu. Tukangoja.
Siki. Tukangoja.
Tukapitisha kamba kwenye mpini, bomba la chuma likawa wenzo,
mimi mguu nimeukaza ubavuni mwa boti,
yeye akihesabu kwa lugha ya kwao,
na tulipofika tatu mpini ukalia kama jino.
Nikasema basi.
Ukivunjika huu, tutabaki na kizibo kisicho na sikio.

Chumvi ya bahari hii si ya mchezo.
Boti ilikaa kiangazi kizima, maji yakakaukia tunduni,
ringi ya mpira ikavimba, ikashikana na ukuta
kama ndugu na nyumba ya mirathi.

Thuwaini, kanzu nyeupe pe, kivulini,
ananihimiza kwa Kiarabu: mama ana miadi Seeb,
daktari wa macho, saa sita.

Mama mwenyewe yumo garini, kiyoyozi kinaunguruma.
Kioo kikashuka nusu.
"Nyie! Mwavuta nini kama mwang'oa muhogo?"
Kiswahili. Cha Pemba, kimekunjwa vizuri,
hakina hata mkunjo mmoja wa safari.
"Mwagieni maji ya moto.
Mie chupa ya achari huifungua hivyo."

Nani angebisha?
Birika zima la chai ya Biju likaishia pale.
Kizibo kikanenepa.

Nikakaa juu ya ndoo, nikaiwaza chupa.
Kifuniko hukumbatia shingo kwa nje;
moto ukikipanua, kinaachia.
Hiki kimo ndani. Hiki ndicho kinachokumbatiwa.
Bi mkubwa, nikasema, umesema kweli,
ila kinyume.

"Hakuna kweli ya kinyume," akajibu,
na papo hapo akamwamuru mwanawe afungue buti:
changu wanne wa soko la alfajiri,
na barafu.

Nikaifunga barafu kitambaani, nikakikanda kizibo
kama goti la mtoto aliyeanguka.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Maji yenye harufu ya samaki yakanitiririka hadi viwikoni.

Kisha, bila kamba, bila bomba,
robo mzunguko.
Pwaa!

"Lo! Toka, mwizi we!"

Si mama. Thuwaini.
Miaka mitatu namtengenezea boti
sijapata kumsikia hata "karibu".
Akaufunika mdomo kwa kiganja
kama aliyejikwaa mbele ya wakwe.

Tunduni: nailoni ya mvuvi, ukanda wa gunia la buluu,
kaa mdogo mkavu kama ganda la kitunguu.
Ndivyo vilivyokuwa vikiinyima boti pumzi.

"Alikianza kabla ya meno," mama akasema, si kwangu hasa.
"Shuleni wakamcheka."

Nikavika ringi mpya, nikaipaka grisi, kidogo tu,
nikamwambia Thuwaini kwa Kiarabu changu kibovu:
kila Ijumaa kizungushe,
hata kama huendi baharini.

Akatazama mchanga. Akajibu polepole,
akikanyaga kila silabi
kama mtu pekupeku kwenye changarawe:
"Kila. Ijumaa."

Honi ikalia.
"Na samaki wangu?" mama akauliza.
"Niingie nao kwa daktari wakinuka?"