Hundi Nambari 417

Ilirudi na muhuri mwekundu mgongoni:
FEDHA HAZITOSHI.
Jayantilal hakupiga kelele. Aliitandaza kaunta,
akailainisha kwa kiganja kama kitambaa cha suti,
akasema, "Syombua, miaka kumi na mmoja,"
kisha akalirudisha jora la bluu juu ya rafu.

Mita themanini za sare. Shule zafunguliwa Jumatatu.
Kule Kariokor cherehani zangu tatu zikanyamaza,
mafundi wakanitazama mikono, si uso.

Nami fedha niliziweka mwenyewe, Alhamisi.
Stakabadhi ninayo, imelala katika daftari la vipimo
kati ya kiuno cha Wangeci na mabega ya mwalimu mkuu.

Benki, Moi Avenue. Tiketi: C mia mbili na tatu.
Kijana wa dirishani akagongagonga kibodi,
akakunja paji la uso.
"Tarakimu moja tu, mama. Saba iliandikwa moja.
Hela zililala kwa akaunti ya mtu mwingine.
Tumesharekebisha."

Tumesharekebisha!
Na elfu mbili na mia tano mlizonikata
kwa kosa la kidole chenu?
"Hizo hukatwa na mfumo."
Mfumo. Kwao ni wapi huyu Mfumo,
nimfuate nyumbani?

Sikupaza sauti. Fundi hapasui nguo kwa hasira,
hufumua mshono, uzi kwa uzi.
Nikaomba karatasi, nikaandika nimesimama:
nirudishieni faini, na ya Jayantilal pia,
maana benki yake nayo ilimkata.
Hapo kalamu ikasita.
Kisha: mwandikieni barua. Yeye, si mimi.
Iwe na saini ya binadamu,
iseme mliokosea ni ninyi.
Pesa huhesabiwa zikarudi.
Jina hurudi kwa miguu.

Nakala yangu wakaigonga muhuri: IMEPOKEWA.

Siku kumi na tisa. Simu nane.
Shule zilishafunguliwa,
watoto wamevaa mishono ya watu wengine,
na hasara hiyo haina dirisha la kuipangia foleni.

Jayantilal akaisoma barua, akavua miwani, akaisoma tena.
Akalishusha jora.
"Cheki ama taslimu?" akauliza,
kwa upole, macho yakiwa kwenye mkasi.

Mkobani nilikuwa na zote mbili.
Nikatoa kalamu. Nikaandika polepole,
kila saba nikiifunga mstari kiunoni
kama mshipi.